Kikundi ya famiye: kiungulia ya Papa

Mama: Watoto jambo. Papa yenu amelala tena kwa kiti, mito tatu kwa mugongo. Dawa ni mwezi wa nane sasa, imeshindwa. Tuchange apasuliwe

Yaya Bahati: Mimi nitatuma dola 100 wiki hii

Cito: Aksanti Yaya, lakini mbele ya pesa niulize, ile omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, Papa anaikunywaka saa ngapi?

Mama: Akimaliza bugali ya mangaribi, anaikunywa anaenda kulala

Cito: Mama ile dawa inaombaka itangulie chakula, nusu saa hivi, nyuma ya bugali imechelewa. Marekani walichukua wagonjwa 366, wote dawa ilikuwa "imeshindwa", wakawapa omeprazoli kwa masaa yake, mara mbili kwa siku, wiki mbili tu, 42 moto ikatulia bila kisu. Wengine walipopimwa wakakuta si asidi njo inawachoma. Wenye walifaa kuingia kwa majaribio ya kulinganisha kisu na dawa wakabakia 78

Yaya Bahati: Na hao kisu iliwasaidia?

Cito: Iliwasaidia sana. Ilitoka 2019. Wenye kupasuliwa, 18 kwa 27 walipata nafuu, wenye kuongezewa dawa ni 7 kwa 25. Mimi sikatae operasyo, nakataa tupasue Papa wakati hatujajua nini inamuchoma

Yaya Bahati: Mie nilizani mwenye dawa haimusaidie njo wa kupasua

Cito: Hapana Yaya, wengi wanawaza vile. Mwenye dawa inamutuliza vizuri, akiacha tu moto inarudi, yule njo kisu inamufaa kushinda wote, juu hapo unajua ni asidi. Mwenye iko na kikohozi tu ao sauti kukauka, hakuna daktari wa kumuahidi kitu. Na kuko kipimo, kawaya kadogo kanapita kwa pua kanashuka karibu na tumbo, kanalala humo masaa 24 kanahesabu asidi

Papa: Mutoto wangu nimesoma yote. Mimi nikiinama kufunga kamba ya kiatu, maji ya uchungu inapanda mpaka kwa ulimi. Ila siku hizi nyama pia inakwama hapa kwa kifua, naisukuma na maji

Cito: Papa!! Tangu lini??

Papa: Tangu Pasaka. Sikutaka kuwatia woga

Mama: Njo maana ulikuwa unaacha nyama kwa sahani unasema umeshiba

Cito: Papa chakula kukwama haingoje, ni fibroskopi wiki hii, waingize kamera waone njia iko namna gani. Ile operasyo wanakunja sehemu ya juu ya tumbo wanaizungusha kwa njia ya chakula wanaikaza, sasa kama njia yenyewe imekosa nguvu ya kusukuma, itakwama zaidi. Ile nguvu nayo wanaipimaka mbele ya kisu

Yaya Bahati: Basi dola 100 yangu iende kwa fibroskopi. Naituma leo. Nani atamusindikiza?

Mama: Mimi. Kesho saa moja asubui tuko njiani

Papa: Nitaenda

Cito: Usikule kitu usiku wa leo Papa, hata chai asubui hapana. Nawakuta kwa mulango