Tupeane uzoefu: ulipoambiwa "mionzi haina madhara, tulieni", ulimuuliza nani?

Mwalimu wa Fizikia, Dodoma mjini

Wadau, habari za jioni. Nafundisha kidato cha nne. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya mionzi, tukafika ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Nikaeleza jinsi tetemeko la Machi 11, 2011 lilivyokata umeme wa gridi, tsunami ikazamisha jenereta za dharura, maji ya kupoozea yakakosa wa kuyasukuma, na mafuta ya nyuklia ndani ya vinu vitatu yakayeyuka. Binti mmoja wa Bahi akanyoosha mkono. Hakuuliza habari za atomu. Aliuliza: "Mwalimu, majirani wa kile kituo waliambiwa saa ngapi, na nani?"

Nilimjibu kwa mfano wa kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, enzi za Umoja wa Kisovieti. Kinu namba 4 kililipuka usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 26, 1986. Pripyat, mji wa watu karibu 49,000, uko kilomita chache tu kutoka hapo. Mabasi ya kuwahamisha yalikuja baada ya saa 36. Jumamosi yote watoto walikuwa nje wakicheza.

Nimerudi nyumbani na swali lile halijaniacha. Sisi hatuna kinu cha nyuklia, lakini tuna urani ardhini, yale madini ya kutengenezea mafuta ya nyuklia, tuna mashine za mionzi hospitalini na kwenye ujenzi wa barabara. Mwenye kisa chake alete. Aliyekuambia "tulieni" alikuonyesha vipimo? Aliweka jina lake? Ofisi na hospitali tusizitaje, tuseme yaliyotokea.

Mzee wa Kondoa

Mbukwenyi, wanangu. Mwaka 1986 nilikuwa mwanafunzi Kiev, kiasi cha kilomita 100 kusini mwa Chernobyl. Aprili 28 usiku televisheni ilisoma taarifa fupi sana: imetokea ajali, hatua zinachukuliwa. Basi. Na hiyo ilitoka kwa sababu asubuhi ile kituo cha Forsmark, Uswidi, kilikuta mionzi kwenye viatu vya mfanyakazi wake, dunia ikaanza kuuliza imetoka wapi.

Mei Mosi tuliandamana, watoto wa shule mbele na maua mikononi. Siku zilizofuata magari ya maji yakawa yanaosha barabara usiku na mchana. Mimi mtoto wa Kondoa, nimekulia kwenye vumbi, nikajiuliza: mji msafi hivi unaoshwa nini? Hakuna chuoni aliyetujibu. Aliyenijibu ni mama mmoja muuza maziwa. Nilimpa chupa yangu kama kawaida, akairudisha tupu. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, usinywe haya." Hakusema zaidi. Miaka baadaye nilikuja kuelewa kwamba ayodini yenye mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala, ikapita kwenye maziwa hadi kwenye tezi za shingo za watoto, na maelfu waliugua saratani ya tezi hiyo. Ayodini ile nguvu yake hupungua nusu kila siku 8. Kwa hiyo zile siku za mwanzo za kunyamaza ndizo zilizokuwa za kusema.

Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alitokea kwenye televisheni Mei 14. Barua ya mama yangu ilinifikia Julai: "Redio imesema kuna moto huko, uko upande gani?" Mwaka 1987 mkurugenzi wa kituo alifungwa miaka 10 pamoja na wenzake wa pale pale kituoni. Aliyeamua tuandamane Mei Mosi sikumwona kizimbani. Nina miaka mingi sasa na bado nalisikia jambo hili kifuani.

Mama Majaruba

Shikamoo mzee. Umenigusa.

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Bahi. Kuna miaka walikuja watu wa utafiti wa urani na mitambo yao, wakachoronga mashimo si mbali na majaruba yetu. Urani ya huku iko juu juu, si ya kufuata chini sana, ndiyo maana walikuja. Uvumi ukaenea kuliko moto wa kiangazi: maji yameharibika, samaki wana sumu, wanawake watazaa watoto walemavu. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mgeni mmoja akasimama akasema hakuna madhara yoyote, msiwe na hofu.

Baba mkwe wangu akaomba nafasi. Hajasoma sana, lakini aliuliza hivi: "Kabla hamjatoboa, mlipima maji ya kisima chetu? Tunaomba hiyo namba." Mgeni akasema wataalamu wanalishughulikia. Baba mkwe akarudia, namba. Mwenyekiti akafunga mkutano.

Kilichofuata ni hasara yetu. Nilikuwa napeleka kambale Dodoma. Wateja wakawa wananiuliza kwanza, "Hawa si wa Bahi?" Nikisema ndiyo, wanasogea meza ya pili. Wiki tatu nilirudi na samaki waliooza. Mgodi haukufunguliwa, watu wale wakaondoka, na hakuna aliyetuonyesha kwamba maji yamechafuka. Wala hakuna aliyetuonyesha kwamba hayajachafuka. Hiyo karatasi hatujaiona hadi leo.

Mwalimu wa Fizikia, Dodoma mjini

Mama Majaruba, baba mkwe wako aliuliza swali la kisayansi kabisa. Penye urani mionzi ya asili huwa ipo tangu zamani, hata kabla ya binadamu kugusa. Bila kipimo cha awali, kesho mtu akichafua atasema "ilikuwa hivyo hivyo", na asiyechafua ataonewa bure. Namba ile ingewalinda ninyi na ingewalinda na wao.

Nilikuwa Sendai

Nilisoma Sendai, kaskazini mwa Fukushima. Tetemeko lilitukuta maabara. Siku kadhaa hatukuwa na umeme, tulisikiliza redio ya betri, na Kijapani changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mboga tu. Neno lililojirudia ni kwamba hakuna athari za kiafya za papo hapo. Mama yangu alikuwa akinipigia kutoka Singida analia.

Nitasema mambo mawili. Kwanza, walipoamua kusema kwa namba, watu walielewa. Machi 23 Tokyo ilitangaza kwamba maji ya bomba yamekutwa na ayodini yenye mionzi, becquerel (kizio cha kupimia mionzi) 210 kwa kilo, wakati kikomo cha watoto wachanga kilikuwa 100, wazazi wasiwape. Madukani maji ya chupa yaliisha, kweli, lakini kila mzazi alijua afanye nini.

Pili, na hili linaniuma. Watu wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, kaskazini magharibi, wakidhani wamepona. Upepo ulipeleka mionzi huko huko. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kukadiria mionzi inaelekea wapi, lakini matokeo hayakuwafikia. Walikaa pale siku kadhaa, wanapika nje, watoto wanacheza.

Afisa Afya Mstaafu

Niruhusuni niongeze upande wa pili, maana hofu nayo inaua. Fukushima walihamishwa watu zaidi ya 150,000. Wagonjwa wazee walitolewa hospitali iliyokuwa karibu na kituo, wakazungushwa ndani ya mabasi saa nyingi bila huduma, na wengi wakafa kwa safari ile, si kwa mionzi. Vifo vya watu 44 ndivyo vilivyowapeleka viongozi watatu wa TEPCO, kampuni iliyoendesha kituo kile, kwenye kesi ya jinai. Mwaka 2019 mahakama iliwaachia. Hata hivyo tume iliyoundwa na bunge la Japani, chini ya Kiyoshi Kurokawa, ilikwisha kuandika mwaka 2012 kwamba ajali ile ilisababishwa na binadamu na ingeweza kuzuilika. Tume inasema kosa lipo, mahakama inasema hakuna wa kufungwa. Aliyefiwa na mama yake ndani ya basi aelewe vipi?

Kwa hiyo msiseme tu "watu wahamishwe haraka". Ulizeni pia nani amepanga mabasi, dawa na daktari wa kuongozana nao.

Kijana wa Skrepa, Majengo

Nanunua vyuma chakavu. Siku moja niliuziwa kiboksi kidogo lakini kizito ajabu, kina alama ya njano yenye vipande vitatu kama panga boi. Nilikaa nacho siku mbili karibu na godoro langu. Mteja mmoja fundi wa barabara akakiona akarudi nyuma: ni sehemu ya kipimo cha kupimia ushindiliaji wa udongo, ndani huwa na mionzi. Nikapiga simu nyingi, kila ofisi inanitupia nyingine, hadi siku ya nne wakaja watu na mashine. Wakapima, wakasema kitu chenyewe cha mionzi hakimo, wakachukua kiboksi wakaondoka. Sikuachiwa hata karatasi. Kama hakimo, kiko wapi?

Mtu wa Eksirei

Kijana, pole, na ulifanya vema kupiga simu. Goiânia, Brazili, Septemba 1987, mashine ya tiba ya saratani iliachwa kwenye jengo la kliniki iliyohama. Waokota vyuma wakaibomoa, unga wake wa sesiamu, wenye mionzi mikali, ukawa unang'aa bluu gizani, watu wakagawiana kama zawadi. Wanne walikufa, mmoja mtoto wa miaka 6, na zaidi ya watu 110,000 walipanga foleni kupimwa. Alama ile ukiiona tena usifungue, sogea mbali, zuia watu, na utaje Tume ya Nguvu za Atomiki moja kwa moja, maana ndiyo yenye jukumu hilo kisheria. Halafu omba maandishi. Mimi nilidai miezi saba mlango wa chumba chetu cha eksirei, ule wenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi, utengenezwe. Ulitengenezwa wiki niliyoandika barua yenye nakala kwa watu watatu.

Mama Majaruba

Mtu wa Eksirei, asante kwa hilo la nakala, sikuwa nalijua. Baba mkwe yupo, ana miaka 81, na swali lake bado lipo kwenye daftari lake. Mkutano wa kijiji ujao analisoma tena, na safari hii tunataka mtendaji aliandike kwenye muhtasari na tarehe yake. Dada mwalimu, yule binti ni wa kijiji gani? Kama ni wa huku kwetu, likizo aje akae naye mbele.