Leo nimeambiwa nina pengo kama la krauni

Wakuu, naandika mikono bado ina grisi na nina hasira ya kutafuna spana. Yule bwana wa "tengeneza tu" mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila karakana ya jeshi inaye wake.

Land Rover 110 imeletwa inalia nyuma kama fisi mwenye njaa. Nafungua difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli: oili imejaa unga wa chuma, krauni, ile gia kubwa ya ndani, imekatika meno matatu. Nikajaza fomu ibadilishwe yeye na pinioni yake, gia ndogo inayoizungusha, maana hao husagwa pamoja kiwandani na huuzwa jozi. Ukichanganya kipya na kizee vinatafunana tu. Ya zamani nikaitupa kwenye pipa la chakavu.

Jamaa wa "tengeneza tu" akaja. Akazamisha mkono pipani, akaitoa, akaifuta kwa kofia YANGU, akaanza kuhesabu mbele ya kuruta. Moja, mbili, tatu... mpaka 43! "Yamepungua matatu tu. Peleka kwa fundi wa magrili ayajaze kwa kuchomelea. Mbona wewe una pengo na nyama unakula?"

Mbele ya kuruta, wakuu! Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Arobaini na tatu, anahesabu kwa kidole, taratibu, kama mahari. Na kofia yangu!

Spana 13: Mkuu, swali la msingi. Pengo ni la juu au la chini?

Bushi Kavu: Tunaomba picha ya krauni. Na ya pengo si mbaya.

Mstaafu wa Anga: Nyie wa magari mnadeka. Sisi kwenye helikopta kuna vifaa vikifikisha saa zake za kuruka vinatoka hata kama vinang'aa. Hakuna kuhesabu meno.

Spana 13: Ndiyo maana zenu zimelala bandani zinasubiri spea.

Mstaafu wa Anga: Zimelala salama.

Mama Kombati: Nyie mna pipa! Kwetu kuna lori limewekwa juu ya mawe, kila mwenye shida ananyofoa. Juzi wameondoka na honi. Sijui nani ana haraka hivyo.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye mada. KOFIA YANGU.

Bushi Kavu: Kofia si inafuliwa? Mimi stoo wamenipa buti, zote za kushoto. Naambiwa nizizoee.

Mama Kombati: Namba ngapi? Mimi ninazo za kulia mbili, namba 8.

Bushi Kavu: Njoo PM haraka.