Tupeane uzoefu: kumwombea mtahiniwa mwenye ulemavu utaratibu maalumu wa mtihani

Mleta mada
Wadau, tukusanye hapa yanayofanya kazi na yanayokwama pale tunapomwombea mtahiniwa utaratibu maalumu: mwenye uoni hafifu, kiziwi, mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), asiyeweza kushika kalamu. Leteni hatua, vipimo, na mahali mambo yanapoharibikia.

Naanza na maombi yenyewe. Mengi hukataliwa kwa kuwa barua ya daktari inataja tatizo na kuishia hapo. Anayeamua anataka kujua tatizo hilo linamfanya nini mtoto akiwa mbele ya karatasi. "Ana disleksia" haimsaidii kitu. "Kwa nusu saa anaandika nusu ya wanachoandika wenzake, akiongezewa muda anawafikia" hapo ameelewa. Ambatisha ripoti ya mtaalamu, maelezo ya walimu kuhusu msaada anaoupata darasani siku zote, na zoezi moja ambalo muda wa kawaida ulipoisha alibadilisha kalamu akaendelea kwa wino wa rangi nyingine. Karatasi hiyo ya wino mbili huwa na nguvu kuliko ripoti ndefu.

Na yote yaende mapema, ikiwezekana pamoja na usajili. Karatasi ya nukta nundu (breli, maandishi ya kugusa ya wasioona) haitengenezwi kwa wiki moja. Mkono uliovunjika juzi una njia yake ya dharura, lakini uoni hafifu wa kuzaliwa hauwezi kuitwa dharura.

Zamu_ya_Asubuhi
Naongezea kwenye muda. Usiandike "aongezewe muda" ukaacha hivyo. Taja asilimia, kisha ipigie hesabu kwa kila karatasi. Kwa 25%, karatasi ya saa 2 inakuwa saa 2 na dakika 30, na ya saa 3 inakuwa saa 3 na dakika 45. Anayesoma nukta nundu mara nyingi huhitaji zaidi, 50% hata 100%. Baada ya hapo angalia ratiba: karatasi mbili za saa 3 siku moja, kila moja ikiongezwa 50%, ni saa 9 mezani. Omba ya pili isogezwe, na ujue mtahiniwa atalazimika kukaa chini ya uangalizi hadi aifanye.

Watu pia huchanganya muda wa ziada na mapumziko. Mwenye kisukari, maumivu ya mgongo au umakini unaokatika haraka anahitaji saa isimamishwe: karatasi inafunikwa, msimamizi anaandika saa ya kutoka na ya kurudi, dakika hizo zinafidiwa mwishoni. Ukimwombea 25% peke yake, umemwongezea muda wa kukaa na maumivu.

FundiNukta
Maandishi makubwa: wengi wanachukua karatasi ya A4, wanaikuza kwenye mashine hadi A3, wanadhani wamemaliza. Ukuzaji huo ni 141%, kwa hiyo herufi za pointi 12 zinafika 17 tu, wakati maandishi makubwa huanzia 18. Maneno madogo ya kwenye mchoro, yale ya pointi 8, yanafika 11. Baya zaidi ni vipimo. Mstari wa sentimita 5 sasa una sentimita 7 na kidogo, na ramani ya 1:50,000 si ya kipimo hicho tena. Mtoto anapima kwa rula vizuri kabisa na anakosa maksi. Omba karatasi ichapwe upya kwa herufi kubwa, na michoro ya kupimwa ibaki saizi yake au mwongozo wa usahihishaji urekebishwe. A3 nayo haitoshi kwenye dawati la kawaida, tafuteni meza.

Nukta nundu: ukurasa mmoja wa wino hutoa takriban kurasa 3. Kifungu cha habari kifungwe peke yake na maswali peke yake ili msomaji avifungue vyote kwa pamoja, la sivyo nusu ya muda itaishia kwenye kufunua. Kwenye fomu sema kama anasoma nukta nundu kamili au ya vifupisho, na hisabati anatumia mfumo gani wa alama, Nemeth au UEB (Unified English Braille). Alama za mifumo hiyo hazifanani. Majibu yake yasikunjwe wala kulaliwa na mzigo, nukta hulala.

Swali_Moja
Na mwenye ualbino?

FundiNukta
Hayohayo ya uoni hafifu, ongeza suala la mwanga mkali. Akae mbali na dirisha au aligeuzie mgongo, karatasi isiyong'aa. Kofia, miwani ya giza na kioo cha kukuzia viandikwe kwenye kibali kama vifaa, maana msimamizi asiyejua atamvua kofia.

Ishara
Kwa viziwi, mkalimani aketi mwanga ukimpiga usoni, si dirisha likiwa nyuma yake. Aione karatasi kabla, chini ya ulinzi, kwa sababu kuna ishara zinazotoa jibu. Swali likiuliza "pembetatu ina pande ngapi?", ishara ya pembetatu inachora pande tatu hewani. Hapo neno litajwe kwa herufi za vidole. Mtihani wa kusikiliza nao hautatuliwi na mkalimani, uombewe utaratibu wake mwingine.

Zamu_ya_Asubuhi
Msomaji (anayemsomea mtahiniwa maswali) na mwandishi (anayemwandikia majibu) wapewe chumba cha peke yao pamoja naye, na wasiwe ndugu wala mwalimu wa somo hilo. Msomaji hurudia anapoombwa ila haelezi, na machaguo manne huyasoma kwa sauti ileile. Hisabati ndiyo ngumu. Ukisoma "kipeuo cha pili cha x jumlisha 9", je, 9 imo ndani ya kipeuo au iko nje? Mkubaliane mapema atasemaje: "fungua kipeuo, x jumlisha 9, funga kipeuo".

Mwandishi huandika alichoambiwa, hata kama kina kosa. Mchoro nao huelekezwa: "kutoka A, mstari wa sentimita 6 kwenda kulia". Wafanye mazoezi pamoja kabla, asiyezoea kuandikiwa hupoteza muda mwingi kutafuta mwendo wake.

Ishara
Mwalimu wa somo hapana, lakini mtu asiyejua somo kabisa naye ni shida. Atauliza "osmosisi" inaandikwaje kila inapotajwa.

Zamu_ya_Asubuhi
Kweli. Ajue msamiati, asiwe anamfundisha mtahiniwa huyo.

Waya_na_Plagi
Kompyuta: zima intaneti na kisahihisha tahajia, washa uhifadhi wa kila dakika chache, weka namba ya mtahiniwa kwenye kila ukurasa kabla ya kuanza. Kwa anayetumia programu ya kusoma skrini kama NVDA, jaribu faili: burura kipanya juu ya maneno. Kama hayachaguliki, huenda hiyo ni picha iliyoskaniwa, na programu haitaisoma kama maandishi ya kawaida. Jaribio lifanyike kwenye mashine na chumba kilekile, kwa faili la mfano.

Mleta mada
La mwisho kutoka kwangu: nakala ya kibali iwe mkononi mwa msimamizi wa chumba, isibaki kabatini ofisini. Kikitokea kitu, umeme, mwandishi kuchelewa, karatasi isiyo sahihi, kiandikwe siku hiyohiyo kabla mtahiniwa hajaondoka: saa kilipoanza, saa kilipoisha, dakika zilizofidiwa, sahihi ya msimamizi. Rufaa isiyo na karatasi hiyo huwa neno la mtoto dhidi ya la kituo.