Bingwa wa mieleka iliyopangwa ni bingwa au si bingwa? Nauliza kwa ajili ya George Kidd wa Dundee

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kifuani, naomba tulijadili kwa hoja.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku Uskochi. Kati yao yuko bibi wa miaka 80 na ushee ambaye kila Jumamosi ikikaribia saa kumi alasiri ananiomba nimgeuzie kiti kitazame televisheni. Anachokisubiri hakipo tena. Mieleka ya ITV, kituo cha televisheni cha Uingereza, ilikuwa ikirushwa saa hiyo, ndani ya kipindi cha World of Sport, na mieleka yenyewe ilifutwa mwaka 1988. Bibi mengi yamemtoka kichwani, lakini saa kumi haijamtoka.

Juma lililopita alitembelewa na mjukuu wake. Bibi akaanza kumsimulia habari za George Kidd, mtu wa mjini kwao Dundee, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi. Kijana akamkatiza: "Bibi, yule hakuwa bingwa wa kitu chochote. Matokeo yalikuwa yanapangwa." Bibi akanyamaza. Chai yake ilipoa mezani, sikumwona akiigusa tena.

Nimeshindwa kulisahau tukio lile, ndiyo maana naleta swali hapa: mtu aliyepewa ubingwa na waandaaji, akaushikilia kwa miaka zaidi ya 25, anastahili kukumbukwa kama bingwa?

Kwa wasiomfahamu, Kidd alizaliwa Dundee mwaka 1925. Hakuwa na mwili wa kutisha. Katika mieleka ya Uingereza uzito mwepesi ulikuwa unaishia kilo 70 hivi, na yeye hata katika kundi hilo alionekana mdogo. Alishuka Yorkshire akafundishwa na Norman Morrell, aliyeshiriki Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 na baadaye akawa mwandaaji wa mapambano. Kidd akaongeza na yoga, wakati ambapo Waskochi wengi hawajawahi hata kulisikia neno hilo. Alistaafu mwaka 1976 akiwa na mkanda wake, hajanyang'anywa.

Na mieleka ile msiifananishe na hii ya WWE ya Marekani tuliyokua tukiitazama kwenye kanda za video. Kanuni zake zinaitwa za Mountevans, kutokana na Admirali Lord Mountevans, yule yule aliyekwenda na Kapteni Scott kwenye barafu la Antaktika. Ukumbi ulikaa kimya kama watu wanatazama bao. Raundi baada ya raundi, mshindi ni atakayempiga mwenzake mieleka miwili, yaani kumbana mabega chini mara mbili, au kumfanya asalimu amri mara mbili, au kumwangusha asiinuke mpaka mwamuzi afike kumi. Ukicheza rafu unaonywa hadharani, na onyo la tatu linakutoa ulingoni.

Msimamo wangu nausema wazi: Kidd alikuwa bingwa. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeandika kwa uchungu na bibi nampa pole. Lakini mjukuu alisema kweli.

Mimi ni mtu wa ndondi. Hiyo Dundee yako ina bingwa mwingine wa uzito mwepesi, Dick McTaggart, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Melbourne mwaka 1956. Yule alipanda ulingoni na mtu aliyekuja kumpiga kwelikweli, hakuna aliyejua kengele ya mwisho italia vipi. Sasa unataka tumweke Kidd kwenye benchi moja na McTaggart? Ubingwa ni kushinda, na kushinda maana yake kulikuwa na uwezekano wa kushindwa. Kidd hakuweza kushindwa mpaka waandaaji waamue. Mwaka 1952 waandaaji wakubwa waliungana wakaunda Joint Promotions, na ubingwa ukawa mali yao, wanagawa wanavyotaka.

Tena kuna suala la uaminifu ambalo umelikwepa. Watu walilipa viingilio wakiambiwa ni pambano la kweli. Mmoja wa nyota wao wenyewe, Jackie Pallo, alitoa kitabu mwaka 1985 akamwaga siri nje. Kama hakukuwa na la kuficha, siri ilikuwa ya nini?

Mwite msanii, mwite fundi, sitabisha. Bingwa, hapana.

Mchangiaji wa pili:

Mimi naona nyote wawili mnabishania mtu ambaye Waingereza wenyewe hawamkumbuki. Ukiwauliza wa rika la kati watakutajia Big Daddy, yaani Shirley Crabtree wa Halifax. Mwaka 1981 alijaza Wembley Arena kwa pambano lake na Giant Haystacks. Watoto walimpenda, akina bibi walimpenda, ukumbi mzima unaimba "Easy! Easy!" mpaka taa zinatikisika. Bingwa wa watu huchaguliwa na watu. Hayo ya mikanda na kilo 70 ni ya wataalamu.

Mleta mada:

Asanteni kwa hoja. Nianze na wewe wa Big Daddy, kwa sababu umenipa mfano ninaouhitaji.

Kaka yake au mdogo wake, vyovyote vile, Max Crabtree ndiye aliyekuwa akipanga mapambano ya Joint Promotions enzi hizo. Ndiyo maana Big Daddy alikuwa juu kila Jumamosi. Hilo pambano la Wembley lilikwisha kabla ya dakika tatu. Watu wamesafiri na watoto wao, dakika tatu hazijatimia, wanaambiwa nendeni nyumbani. Mtu mzito aliyeishiwa pumzi hawezi kucheza raundi sita, basi mchezo ukafupishwa umfae yeye. Na Agosti 1987 kule Great Yarmouth akamwangukia mpinzani wake Mal Kirk kwa tumbo, kama alivyozoea, na Kirk hakuinuka tena. Uchunguzi ulionyesha Kirk alikuwa na moyo mbovu, na Crabtree hakulaumiwa kisheria. Simlaumu mimi pia, ni msiba uliomwumiza na yeye. Ninachosema ni kwamba mashabiki walifundishwa kutazama uzito unaanguka, wakaacha kutazama mikono inafanya nini. Mwaka uliofuata ITV ikafuta mieleka.

Sasa ndugu yangu wa ndondi. Kuhusu uaminifu nakubali, umenibana. Wateja walidanganywa, na kama bibi yangu yule alikuwa anaamini kila pambano ni la kweli, basi alidanganywa na yeye, tena na mtu aliyempenda. Sina la kujitetea hapo. McTaggart pia simgusi, dhahabu yake ni dhahabu.

Ila nakuomba utazame kitu kimoja kwa macho yako. Kidd alikuwa na desturi ya kukaa katikati ya ulingo, anakunja magoti kifuani, anaficha kichwa, anaingiza mikono ndani, anabaki tufe. Mpinzani anamzunguka. Anatafuta mguu wa kushika, haupo. Anatafuta shingo ya kupiga kabali, haipo. Anamsukuma, tufe linaviringika na kurudi. Anapoinama karibu zaidi ashike chochote, tufe linafunguka, mkono wake umekwishanaswa, na yeye yuko chali.

Matokeo yanaweza kupangwa ofisini. Lile tufe litapangwa na nani? Huwezi kumwagiza mtu wa miaka 50 awe na uti wa mgongo unaokunjika hivyo. Waandaaji walimpa mkanda kwa sababu katika uzito ule hakuwepo mwingine wa kumweka juu yake bila watazamaji kucheka. Na ufundi wenyewe haukufa naye: Johnny Saint aliyekuja kuwa bingwa baada yake alilirithi tufe lile lile, na WWE walipoanzisha tawi lao la Uingereza mwaka 2018, Saint ndiye waliyemfanya meneja mkuu. Kama Kidd alikuwa mwigizaji tu, mbona wenzake wa kazi moja waliendelea kujifunza kwake?

Mchangiaji wa kwanza:

Umesema vizuri kuhusu tufe, nimekwenda kulitazama. Ni kweli, sijawahi kuona kitu kile. Bado nasema ni fundi, si bingwa. Ila nakuuliza: bibi mwenyewe umemwuliza? Alikuwa anajua au hajui?

Mleta mada:

Nilimwuliza jana. Nilimwekea pambano la zamani kwenye tableti, nikaiegemeza kwenye birika la chai. Akatazama kimya raundi nzima. Nikamwambia, mjukuu wako anasema walikuwa wanapanga nani ashinde, wewe ulijua? Akanitazama kama nimemwuliza kama alijua maji yanalowesha. "Baba yangu alituambia tangu tukiwa wadogo," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo, kabla Kidd hajafanya lolote: "Ngoja. Sasa hivi anajikunja."

Akajikunja.