Mjadala: Ukanali wa Kentucky ni heshima, au gavana anagawa tu?

Mleta mada

Wakuu, yule mzee wa suti nyeupe kwenye ndoo za kuku wa KFC hakubuniwa na wachora matangazo. Harland Sanders aliishi kweli (1890–1980), na ukanali wake una hati yenye sahihi ya gavana wa jimbo la Kentucky, Marekani. Ninachouliza ni kama serikali ya jimbo ina haki ya kugawa cheo cha kijeshi kwa raia kama kadi za mchango wa harusi.

Cheo kilianza na watu wa vita. Mwaka 1813 Gavana Isaac Shelby aliwaongoza mwenyewe wanamgambo wa Kentucky hadi Kanada, wakapigana na Waingereza na wapiganaji wa Tecumseh, kiongozi wa wenyeji asilia wa Amerika, kwenye Mto Thames. Waliporudi alimteua Charles Todd, mmoja wa maofisa wake, kuwa msaidizi wake kwa cheo cha kanali. (Baadaye Todd alimwoa binti wa gavana, kwa hiyo hata enzi hizo za usafi ukwe haukuwa mbali.)

Halafu kazi ikayeyuka, cheo kikabaki. Makanali wakawa watu wa kusimama nyuma ya gavana kwenye sherehe, na mwishoni mwa karne ya 19 hata hilo halikuwa sharti. Gavana Ruby Laffoon, wa 1931 hadi 1935, aligawa hati kwa maelfu. Sanders, aliyekuwa na kituo cha mafuta na mgahawa mjini Corbin, alipata yake mwaka 1935. Happy Chandler alipoingia baada ya Laffoon akafunga bomba.

Lakini magavana peke yao wasingekifikisha cheo hiki mbali. Waliokisambaza ni magazeti, riwaya na lebo za chupa za wiski, wakamchora mzee mwenye shamba kubwa, mwenye ndevu za kidevuni, glasi mkononi, hasira karibu. Mwaka 1895 Annie Fellows Johnston alitoa kitabu cha watoto, *The Little Colonel*, kuhusu mzee wa aina hiyo, aliyepoteza mkono akipigania majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani, na mjukuu wake. Hollywood ilikifanya filamu mwaka 1935, uleule wa hati ya Sanders, mjukuu akiwa Shirley Temple. Sanders alipoanza kuvaa kikanali, umbo lilikuwa tayari kichwani mwa watu, na alilitumia kwa akili. Miaka yake ishirini ya mwisho hakutoka hadharani bila ile suti, na ndevu alizipaka dawa zilingane na mvi za kichwani.

Msimamo wangu: jina libadilishwe. Waiite nishani, waiite wanavyotaka, ila wamwachie mwanajeshi ukanali wake.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, huyo Sanders alivaa gwanda kabla ya suti. Mwaka 1906 alidanganya umri, akaingia jeshi la Marekani, akapelekwa Cuba kuhudumia nyumbu. Ukanali hapo haupo, nakubali, lakini usimfanye mtu asiyeijua kambi.

Kingine, nani anadanganyika? Kanali wa Kentucky hana kikosi, hana mshahara. Makanali wana chama chao, na michango yao inakwenda kwa mashirika ya hisani jimboni. Muhammad Ali, mtoto wa Louisville, naye alipewa cheo hicho, na hakuna aliyedhani kwamba mtu aliyekataa kwenda Vietnam ameenda kuongoza jeshi. Hata kwetu, mwaka 2021 machifu walipomtawaza Rais Samia kule Mwanza kuwa Chifu Hangaya, watu walibishana, lakini kila mmoja alijua mamlaka yake yanatoka kwenye katiba.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, mnagombania nyota za begani mnaiacha suti. Hiyo ni suti ya mwenye shamba. Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa, na kwa kuwa haikujitenga na Marekani kama majimbo mengine ya Kusini, tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuigusa. Watumwa wake wa mwisho walifunguliwa na marekebisho ya 13 ya katiba, Desemba 1865, na bunge la jimbo likakaa hadi 1976 ndipo likayaridhia. Itazameni hiyo filamu ya 1935. Bill Robinson, mcheza dansi mweusi hodari kuliko wote wa wakati wake, yuko mle kama mtumishi wa nyumba ya kanali. Anamfundisha mtoto kupanda ngazi kwa dansi, watazamaji wanashangilia, kisha anarudi kuhudumia.

Ali kupewa hati hakuifuti picha hiyo. Na ukibadilisha jina la cheo, suti inabaki palepale ukutani mwa KFC, hadi Nairobi.

Mleta mada

Suti nakuachia, mkuu, ni hoja nzito kuliko yangu. Ila mchangiaji wa kwanza anasema hakuna anayedanganyika. Tom Parker, meneja wa Elvis Presley, alikuwa Mholanzi wa Breda, jina lake Andreas van Kuijk, aliyeingia Marekani bila vibali. Mwaka 1948 Gavana Jimmie Davis wa Louisiana alimpa ukanali wa namna hii hii, na tangu hapo alitaka kila mtu amwite Kanali. Miaka mingi Marekani nzima ilimwona mtu wa Kusini halisi. Anayezitetea hati hizi aanze na huyo.