Je, ni imani au ni fedha iliyoipa sanaa ya Baroko sura zake mbili?

Mtoa mada: Ndugu wanamjadala, ipo hoja inayorudiwa mara nyingi kwamba ndani ya Baroko, mtindo wa sanaa uliotawala Ulaya karne ya 17, tofauti kati ya michoro ya Antwerp, mji wa Kikatoliki uliokuwa chini ya Hispania, na ile ya Uholanzi ya Waprotestanti ilitokana na fedha tu: huku walinunua wakuu wa Kanisa, kule wafanyabiashara, na kila mchoraji akachora alicholipwa kuchora. Naipinga, kwa sababu haielezi ni kitu gani kilichomwondoa mnunuzi mmoja na kumleta mwingine.

Mwaka 1566 Wakalvini, Waprotestanti wafuasi wa Calvin, walioamini kwamba kuheshimu sanamu ni kuabudu miungu, waliingia katika kanisa kuu la Antwerp wakavunja sanamu na altare. Mwaka 1585 jeshi la Hispania liliutwaa mji, Waprotestanti wengi wakahamia kaskazini, Uholanzi, na makanisa yakahitaji kupambwa upya. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulikuwa umekwisha kuamua, Desemba 1563, kwamba picha takatifu zibaki makanisani, ziheshimiwe na ziwafundishe waamini. Ndipo Rubens, mchoraji Mkatoliki wa Antwerp, mwaka 1610 na 1611, akachora Kuinuliwa kwa Msalaba: miili mizito ikikazana kuunyanyua mti, mwanga umemwangukia Kristo, na aliyepiga magoti mbele yake anajiona kama naye ameshika kamba. Kwangu mimi hilo ni jibu kwa waliovunja sanamu, tena jibu zito kuliko hotuba yoyote.

Huko Haarlem, mji wa Uholanzi, kuta za makanisa zilipakwa chokaa, na mchoraji Saenredam akazichora kuta hizo nyeupe kwa utulivu wa mtu anayesali.

Mchangiaji: Kuhusu Antwerp nakubaliana nawe, ila mpaka unaouchora umenyooka kupita kiasi. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alichora picha za mateso ya Kristo kwa ajili ya Frederik Hendrik, kiongozi Mkalvini wa Uholanzi. Huko Dresden, Ujerumani, kati ya 1726 na 1743, Walutheri, yaani Waprotestanti wafuasi wa Luther, walijenga kanisa la Frauenkirche lenye kuba kubwa ya mawe na altare iliyopambwa kwa fahari. Tena Caravaggio, mchoraji Mwitalia aliyelichorea Kanisa Katoliki, alikataliwa na Wakarmeli, watawa wa Kikatoliki wa Roma, kwa picha yake ya Kifo cha Bikira Maria. Mgawanyiko wa dini uko wapi hapo?

Mtoa mada: Mfano wa Dresden ni mzito, nami naupokea, lakini unaitia nguvu hoja yangu: Luther hakuzifukuza picha kanisani, Wakalvini ndio waliozifukuza, kwa hiyo kilichoamua ni fundisho la kila upande kuhusu picha. Zile za Rembrandt ziliingia katika hazina ya mtawala, hazikuwekwa juu ya altare ya Wakalvini. Na Wakarmeli walimkataa Caravaggio kwa sababu Trento ilidai picha isiyo na jambo lisilostahili patakatifu, naye alimchora Mama wa Mungu kama maiti ya kawaida, tumbo limevimba, miguu wazi. Picha waliyoikataa ilinunuliwa na mtawala wa Mantua, huko Italia, kwa ushauri wa Rubens huyo huyo.