Fimbo zaidi, au namna nyingine? Swali kuhusu mwanafunzi aliyelelewa kwa kipigo

Mwalimu, Moshi

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha sekondari ya kutwa hapa Moshi, na kuna mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye nimeshindwa kumwelewa. Amelelewa na baba yake mdogo ambaye, kwa maelezo ya majirani, alimpiga hata kwa kosa la kumwaga maji. Mbele ya walimu ni mpole kupita kiasi, na akikaripiwa hutabasamu. Tukigeuka, huwatesa wa kidato cha kwanza kwa matusi ambayo nahisi ndiyo aliyotukanwa yeye. Mwenzangu ofisini anasema samaki mkunje angali mbichi, na kwamba dawa yake ni fimbo zaidi. Mimi nasita. Wataalamu wa saikolojia wanasemaje: hiyo ndiyo haiba yake, au ni kovu?

Mnasihi, Arusha

Mwalimu, tabasamu hilo lisikuudhi, kwani huenda ndiyo njia aliyoizoea ya kumtuliza mkubwa aliyekasirika. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alieleza kwamba mtoto, kwa jinsi anavyotunzwa, hujijengea moyoni picha ya mambo mawili: kama yeye anastahili kupendwa, na kama watu ni wa kutegemewa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby, alianza kuichunguza hoja hiyo hapa jirani, nchini Uganda, kati ya 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 na kutazama jinsi watoto wachanga walivyomfanya mama kuwa kituo cha kutokea na kurudia. Sasa fikiria mtoto ambaye anayemtisha ndiye huyo huyo anayepaswa kumkimbilia. Hana pa kwenda, basi hujifunza kuusoma uso wa mkubwa kabla hajajifunza kujisoma mwenyewe, na ustadi huo, uliomwokoa nyumbani, hugeuka kuwa tabia inayomponza shuleni.

Kuhusu kuwatesa wadogo, Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, aliandika mwaka 1936 kwamba mtoto mwenye hofu anaweza kujivika sura ya yule anayemwogopa, ili naye, walau kwa dakika chache, awe upande wa wenye nguvu.

Mwanachuo wa saikolojia

Naomba niongeze. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake, huko Marekani, waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la mpira. Walipoachwa nalo, wengi waliyaiga mapigo na hata maneno yenyewe. Kwa hiyo fimbo ya mwenzako, Mwalimu, itakuwa marudio ya somo ambalo kijana amekwisha kulifaulu.

Hata hivyo, tusimhukumu. Utafiti wa kitaifa wa 2009 hapa Tanzania ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo pekee kingetosha kumfanya mtu mtesi, sijui mitaani tungepita wapi. Mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, akakuta kwamba takriban theluthi moja ya wale waliokulia katika mazingira magumu zaidi walikuwa watu wazima imara, na wengi wao walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewajali bila kuyumba.

Mama mzazi, Machame

Mimi si msomi. Nilipigwa sana na shangazi aliyenilea, na hadi leo mlango ukifunguliwa ghafla mwili hushtuka kabla ya akili. Jirani mmoja alikuwa akiniita jikoni kwake tuchambue maharage. Hakuniuliza lolote, na kama angeuliza ningekimbia.

Mnasihi, Arusha

Mwalimu, nilipaswa kuanza na swali hili: kijana bado anaishi kwa baba yake mdogo?

Mwalimu, Moshi

Shikamoo mama, nimekuelewa. Mnasihi, ndiyo, bado anaishi huko.

Mnasihi, Arusha

Basi nadharia zisubiri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa: mwone afisa ustawi wa jamii, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au upige 116, simu ya bure ya watoto. Usimwite mlezi shuleni kwanza. Atakayebanwa kwa maswali nyumbani usiku ni kijana.

Mwalimu, Moshi

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa ustawi wa jamii. Kijana nitamwomba anisaidie kupanga vitabu baada ya vipindi, na sitamuuliza lolote.